Nyurobiolojia Uganda: somo la kuanzia au la kuongezea?

Mwanafunzi aliyefaulu biolojia na kemia kidato cha sita, akakosa nafasi ya udaktari kwa alama chache, mara nyingi huishia kwenye sayansi za msingi za tiba kama anatomia, fiziolojia na biokemia. Humo ndimo wengi hukutana na nyurobiolojia, yaani sayansi ya ubongo na neva (mishipa ya fahamu), na wachache huipenda kiasi cha kutaka kuishi nayo. Nyumbani swali huwa moja: akimaliza ataajiriwa wapi?

Kwa upande wa elimu yenyewe, sioni nchi nyingi zenye maswali mazito ya ubongo kuliko Uganda. Kaskazini, katika wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo, kuna watoto walioanza kutikisa vichwa, kisha wakapata kifafa, na wengine wakadumaa mwili na akili. Ugonjwa huo umehusishwa na minyoo ya usubi inayoenezwa na inzi weusi wa mitoni, lakini jinsi unavyoudhuru ubongo bado ni suala la mabishano. Mbale nako, kwenye hospitali ya watoto ya CURE, daktari Mmarekani Benjamin Warf alibuni miaka ya 2000 njia ya kuwatibu watoto wenye maji kichwani. Aliunganisha upasuaji wa kufungua njia ya maji na kuchoma tishu inayoyatengeneza, ili mtoto asitegemee maisha yake yote mrija unaoziba na kumrudisha hospitalini. Njia hiyo ilitoka Mbale ikaenda kufundishwa kwingineko duniani.

Sasa angalia kazi ya maabara ilifanyika wapi. Mwaka 2017 utafiti ulioongozwa na wanasayansi wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani uligundua kwamba baadhi ya watoto wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa wana kingamwili zinazoshambulia protini iitwayo leiomodini-1. Mwaka 2020 utafiti mwingine, nao ukiongozwa kutoka Marekani, ulionyesha bakteria wa jamii ya Paenibacillus katika maji ya ubongo ya watoto wachanga waliotibiwa Mbale. Watafiti wa Uganda walishiriki. Hata hivyo sampuli zilisafiri, na ajira nyingi za maabara zilibaki huko zilikokwenda. Mtetezi wa somo hili atasema ndiyo sababu ya kuwasomesha vijana wetu. Mwenye shaka atasema ndiyo sababu ya kutowasomesha, maana kazi haipo hapa. Wote wawili wanasoma ukurasa uleule, na sidhani kama kuna anayekosea.

Mimi linalonisumbua zaidi ni usajili. Daktari, muuguzi na fundi wa maabara wana mabaraza yanayowasajili, na kwa usajili huo wanaweza kuomba nafasi ya kudumu serikalini. Mwenye shahada ya sayansi ya ubongo peke yake hana baraza, na hospitali ya wilaya haina meza yake. Hata ualimu haumpokei moja kwa moja. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi (walimu wa sanaa wakagoma, na nawaelewa), lakini nafasi hiyo inataka mafunzo ya ualimu. Bila stashahada ya uzamili ya ualimu, ujuzi wote wa nyuroni, seli za neva, hauwezi kumfikisha darasani kama mwalimu aliyesajiliwa.

Kinachobaki ni chuo kikuu, ambako bila uzamivu hupandi cheo, na miradi ya utafiti: Mulago, Butabika, Entebbe, Mbarara. Miradi hufundisha vizuri. Kijana hujifunza takwimu, vinasaba, maadili ya utafiti na uandishi, na ujuzi huo unauzika hata nje ya sayansi ya ubongo. Ila mkataba wa msaidizi wa utafiti huisha na fedha za mfadhili. Mei 2025 Taasisi hizohizo za Marekani zilitangaza kusitisha utaratibu wa ruzuku zilizokuwa zikipitia vyuo vya Marekani kwenda kwa washirika wa nje hadi utaratibu mpya uwekwe. Uamuzi wa Washington unaweza kumpokonya kodi ya nyumba mtu aliyepanga Wandegeya, mtaa wa Kampala.

Kuna jibu la Ishaka, mji wa magharibi mwa Uganda, ambalo halitajwi vya kutosha. Katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, tawi la magharibi, mpango wa TReND in Africa uliwafundisha watafiti vijana wa Afrika sayansi ya neva kwa kutumia inzi wa matunda. Mdudu huyo hula chakula rahisi, huzaana haraka, na Nobeli ya tiba ya 2017 ilitokana na utafiti wa saa ya mwili uliofanywa kwake. Swali zuri si lazima lisubiri mashine ya mabilioni. Hata hivyo inzi ni rahisi, mshahara wa anayemchunguza si rahisi, nao bado hutafutwa kwa mfadhili.

Ndiyo maana msimamo wangu ni kwamba nyurobiolojia isomwe juu ya taaluma yenye usajili, kwenye uzamili. Najua ushauri huu una gharama. Tukiufuata wote, tutakuwa na wauguzi na madaktari wanaofanya utafiti jioni wakiwa wamechoka, na hatutapata mwanasayansi wa maabara anayekaa na swali moja miaka 10. Lakini gharama hiyo hawezi kuibeba kijana wa miaka 19 kwa niaba ya taifa. Hadi wizara iweke cheo cha mwanasayansi wa neva, chenye mshahara wa kudumu, katika hospitali za rufaa za mikoa, nitaendelea kumwambia binti wa jirani aanze na teknolojia ya maabara.