Kahawa ingali mtini: kosa ni la mnunuzi?

Mwaka ukianza, huko Kibosho, Uru na Marangu mkoani Kilimanjaro utasikia nani ameshauza kahawa ambayo bado ni mbichi mtini. Mnunuzi anaingia kihambani, yaani shamba la familia la migomba na kahawa, anapita chini ya migomba akikagua matawi yamebeba kiasi gani, anakadiria debe, anatoa hela taslimu. Msimu ukifika, mavuno ni yake. Kagera biashara hii ina jina kabisa, butura, na Serikali imeipiga marufuku. Wengi tunaiita wizi na kuishia hapo. Mimi naona anayeitetea anastahili kusikilizwa kwanza.

Anasema hivi: hakuna aliyelazimishwa. Chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, ikishambulia, au bei ya dunia ikianguka, hasara ni ya mnunuzi. Tena ukiruhusu ofisi ipange nani amuuzie nani, unaharibu zaidi. Mwaka 1945 mwanauchumi Friedrich Hayek alieleza kwamba bei hukusanya maarifa yaliyotawanyika kwa watu wengi, ambayo hakuna mpangaji mmoja anayeweza kuyashika yote. Kwa Kilimanjaro hoja hiyo ina historia. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, ikiwemo KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro uliokuwepo tangu 1933, na mazao yakashikwa na mamlaka za umma. Hadi sheria ya 1982 iliporuhusu ushirika urudi, mkulima alikuwa amepoteza chombo alichokijenga mwenyewe. Mzee aliyeyaona hayo akisikia neno marufuku, ana haki ya kushtuka.

Lakini Adam Smith, ambaye watetezi wa soko huria humhesabu kama babu yao, aliliona tatizo hili mwaka 1776. Katika mvutano wa mishahara, alisema, tajiri anaweza kuishi mwaka mmoja au miwili kwa akiba yake, ilhali wafanyakazi wengi hawamalizi wiki. Kwa hiyo tajiri hushinda. Weka kahawa mahali pa mshahara, na utaona kinachotokea kihambani. Bei ya mwezi wa tatu haipimi ubora wa kahawa wala mahitaji ya dunia. Inapima mama mwenye kihamba anaweza kukaa siku ngapi bila hela, mtoto akiwa na homa.

Tuchukue mfano. Mama huyo amepokea shilingi 100,000 mwezi wa tatu, na mwezi wa nane kahawa ileile inauzwa 200,000. Huo ni mkopo wenye riba ya asilimia mia kwa miezi mitano, na hakuna aliyemwambia kuwa ni mkopo. Hatari ya mnunuzi ni ya kweli, ila ameigawa kwenye vihamba vingi. Mama ana kimoja. Mnunuzi anafuatilia mnada wa kahawa wa Moshi. Mama anafuatilia homa ya mtoto.

Ndiyo maana nasema biashara hii si ya haki, hata kama kila mtu aliridhia. Azimio la Arusha la 1967 tunalikumbuka kwa kutaifisha mabenki, lakini lilionya pia kwamba watu wa mijini wanaweza kuwa wanyonyaji wa wakulima. Onyo hilo halijachakaa.

Hata hivyo, sikubaliani na marufuku. Ukimfukuza mnunuzi, homa haiondoki. Mama atauza usiku, kwa bei mbaya zaidi, kwa sababu sasa mnunuzi anadai na malipo ya kuvunja sheria.

Tukimwelekeza kwenye ushirika, kama Serikali ilivyoagiza mwaka 2018, tunakuta jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mwanachama anapeleka kahawa, anapata malipo ya awali, kisha anangoja mnada ndipo apate ya pili. Nao ushirika unamtaka asubiri! Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005 inamwezesha mtu kukopa kwa zao lake, ila zao hilo liwe limeshafika ghalani. Shida yake ilianza miezi kabla. Na benki ikiuliza dhamana, kihamba mara nyingi hakina hati, tena ni ardhi ya ukoo ambayo hakuna Mchaga atakayekubali iuzwe huku wazee wamezikwa humo.

Dhamana ipo, ila imelala kwenye daftari la chama cha msingi, yaani ushirika wa hapo kijijini: fulani alileta kilo ngapi mwaka juzi, mwaka jana ngapi. Chama kingeweza kumkopesha kiasi kidogo mwanzoni mwa mwaka kwa rekodi hiyo, kikakata kwenye malipo yake. Ugumu ni kwamba mwaka wa chulebuni hasara ingekuwa ya wanachama wote, akiwemo yule ambaye mwanawe anamtumia hela kutoka Dar es Salaam na hajawahi kuuza kahawa mbichi. Je, yuko tayari kumbebea jirani? Mimi ningependa aulizwe hivyo hadharani, kwenye mkutano mkuu wa wanachama, kabla wanunuzi hawajaanza kuzunguka vihambani.