Gen asipunguzwe makali kwa ajili ya watoto

Mwaka 2023 bodi ya elimu ya jiji la Hiroshima iliiondoa Hadashi no Gen (yaani Gen Miguu Mitupu), katuni inayosimulia bomu la atomiki la Hiroshima, katika vitabu vya somo la amani vya shule zake. Miongoni mwa sehemu zilizozua mjadala ni ile ambapo Gen, mvulana wa shule ya msingi, anaiba samaki kwenye bwawa la nyumba ya tajiri ili mama yake mjamzito, aliyedhoofika kwa njaa, apate cha kula. Hofu ilikuwa kwamba watoto wa leo wasingeielewa.

Naipinga hoja hiyo kwa nguvu zote. Njaa ile ndiyo somo lenyewe. Keiji Nakazawa, aliyeiandika na kuichora katuni hii, alitaka msomaji ajue kwamba vita ilikuwa imeshaingia jikoni mwa watu na kumaliza chakula muda mrefu kabla ya ndege ya Marekani kuonekana angani. Ukimwondolea mtoto sehemu ile, unambakizia bomu lililoshuka kutoka mbinguni bila sababu, kama radi, wakati mwandishi alitumia maisha yake yote kukanusha jambo hilo hilo.

Nakazawa alizaliwa Hiroshima mwaka 1939. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945 alikuwa na umri wa miaka 6, amesimama kwenye lango la shule, zaidi kidogo ya kilomita moja kutoka mahali bomu lilipolipukia. Mama wa mwanafunzi mwenzake alikuwa amemsimamisha kumuuliza jambo. Ukuta wa shule ulimkinga mtoto. Yule mama, aliyesimama hatua chache tu kutoka kwake, aliungua hadi kufa. Siku hiyo hiyo Nakazawa alimpoteza baba yake, dada yake na mdogo wake wa kiume. Mama yake alijifungua mtoto wa kike katika balaa lile lile, na mtoto huyo hakufikisha mwaka.

Kuna ukurasa mmoja ambao kila anayeijua katuni hii anaukumbuka. Nyumba imeanguka, baba na watoto wawili wamebanwa chini ya magogo, moto unakaribia, na Gen anavuta boriti kwa nguvu zote alizonazo huku baba akimwamuru amchukue mama yake wakimbie. Katika maisha halisi Nakazawa hakuwepo pale. Mama yake ndiye aliyeyaona yote na kuyasikia, na baadaye akamsimulia mwanawe. Mchoraji alijiweka mwenyewe katika uchungu wa mama yake, akaipa mikono ya mtoto kazi ambayo hata mtu mzima asingeiweza. Sioni udanganyifu katika uamuzi huo. Naona mtoto wa kiume aliyekataa kumwacha mama yake peke yake katika kumbukumbu ile.

Baba naye anastahili kuangaliwa kwa makini. Baba wa Nakazawa alikuwa msanii aliyepinga vita, na msimamo huo ulimtia gerezani. Katika katuni, baba wa Gen anapaka rangi mitalawanda ya Kijapani ili kulisha familia, na anasema waziwazi kwamba vita hii ni wazimu wa wakubwa. Majirani wanaiita familia yake wasaliti wa taifa, na wanawe wanapigwa. Anawapeleka shambani na kuwaambia wawe kama ngano: hukanyagwa wakati wa baridi, kisha huota mizizi mirefu zaidi na kusimama. Jirani mwema kuliko wote ni Pak, Mkorea ambaye Wajapani wenyewe wanamdharau. Kwa jarida la wavulana lililouzwa kila wiki, huo ulikuwa ujasiri mkubwa.

Ujasiri huo ulichelewa kuja. Nakazawa aliupenda uchoraji tangu utotoni kwa kusoma kazi za Osamu Tezuka, mchoraji mashuhuri wa katuni wa Japani, akajifunza kuchora mabango ya biashara, na mwaka 1961 akahamia Tokyo. Huko aligundua kwamba akitaja tu kuwa alinusurika bomu, watu humtazama kwa woga, kana kwamba mionzi ni ugonjwa wa kuambukiza. Akanyamaza. Akachora hadithi za kawaida za kujipatia riziki.

Mwaka 1966 mama yake alifariki. Wajapani, baada ya maiti kuchomwa, huokota mifupa kwa vijiti na kuihifadhi. Kwenye majivu ya mama yake Nakazawa hakukuta mifupa ya kuokota. Aliamini mionzi ilikuwa imeitafuna yote, na hasira aliyoifungia moyoni kwa miaka ikafumuka. Katuni yake ya kwanza kuhusu bomu, iliyokataliwa na majarida makubwa, ilitoka mwaka 1968 katika jarida la watu wazima. Mwaka 1973 Hadashi no Gen ilianza katika Weekly Shonen Jump, jarida lile lile ambalo baadaye vijana wetu wengi wamelijua kupitia Dragon Ball na Naruto. Haikudumu huko. Ilihama kutoka jarida moja hadi jingine, hadi ikafika juzuu 10.

Wanaozoea michoro ya leo yenye kung'aa huiona ya kizamani: nyuso za mviringo, vicheko vikubwa, makofi kila ukurasa, Gen akiimba hata akiwa na njaa. Naipenda hivyo hivyo. Watoto wale wanacheka kwa sababu wako hai, na Nakazawa alikuwa mmoja wao.

Mwaka 2012 bodi ya elimu ya mji wa Matsue iliziagiza shule ziifungie katuni hii kwenye stoo za maktaba, na agizo hilo likabatilishwa mwaka uliofuata baada ya malalamiko makubwa. Kilichowaudhi hasa waliotaka ifungiwe ni kurasa za juzuu za mwisho zinazoonyesha ukatili wa askari wa Japani barani Asia. Nakazawa alikuwa amefariki Desemba 2012.

Wasomaji wa Kiswahili tuna haki yetu katika kitabu hiki. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi huko Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na nyumbani. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Kibelgiji, Union Minière. Mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alikuwa ameshapeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York kabla jeshi la Marekani halijamfuata kuyanunua. Waliofanya kazi ya kuyachimba walikuwa Wakongo chini ya ukoloni, na hakuna aliyewaeleza yanakokwenda.

Mwaka 1976 kundi la watu wa kujitolea mjini Tokyo lilianza kuitafsiri Hadashi no Gen kwa Kiingereza. Natamani watu kama hao wajitokeze Lubumbashi, Dar es Salaam au Mombasa, na waanze na juzuu ya kwanza, bila kuipunguza. Humo bomu linaanguka karibu na mwisho tu. Kurasa nyingine zote ni za familia inayopigania mlo na heshima yake.