Kiwango kimoja cha matunzo kitamfaa nani?

Pale wanapokaangia samaki ufukweni Bagamoyo, mazungumzo ya matunzo ya watoto huishia mahali pamoja: serikali itaje kiwango. Mtoto mmoja hela kadhaa kwa mwezi, wawili kadhaa, baba atoe, yaishe. Anayepinga huonekana anawakingia kifua wanaume waliotelekeza watoto wao. Mimi napinga, na hao siwatetei hata kidogo.

Wanaodai kiwango wana uchungu wa kweli. Mama akishaachika na kumpeleka mwenzake Ustawi wa Jamii, kisha mahakamani, anaulizwa: huyu baba anapata kiasi gani? Atajuaje? Miaka yote ya ndoa alijua kilichofika jikoni tu. Baba akikana, mama ndiye anayehangaika kutafuta ushahidi huku mtoto amebebwa mgongoni.

Uingereza wana hesabu yao: asilimia 12 ya kipato kwa mtoto mmoja, 16 kwa wawili, 19 kwa watatu na kuendelea. Lakini huko mamlaka ya kodi inajua nani ameingiza nini. Baharia wetu wa boti ya uvuvi hana hati ya mshahara. Analipwa mgao, baada ya kutoa mafuta na fungu la chombo, yaani la mwenye boti. Dagaa wanataka usiku wa giza; mbalamwezi ikiwaka, boti za taa zinalala. Upepo wa kusi ukichacha, hakuna anayetoka. Asilimia 12 ya nini, na ya mwezi upi?

Tena kiwango tulishakuwa nacho, na hili watu wamelisahau. Sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Ilipotungwa, mia ilikuwa hela. Maisha yakapanda, shilingi ikaporomoka, ile mia ikabaki palepale kwenye kitabu hadi Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipoifuta. Shilingi 100! Kufikia hapo haikutosha nauli ya daladala ya mama kumpeleka mtoto kliniki, sembuse maziwa, sare na daftari. Baba mwenye nyumba tatu angeweza kusimama mbele ya hakimu na kuitaja mia hiyo kama ngao, na sheria ingekuwa upande wake. Kila nikisikia "kiwango" naikumbuka mia ile. Nambari ikishaandikwa, kuibadilisha kunangoja Bunge, na tumbo la mtoto halingoji Bunge. Hata kikiitwa kiwango cha chini, ndicho kila baba atakachokishika: mwenye maboti matatu atatoa sawa na baharia wake.

Sheria ya 2009, kifungu cha 44, inamtaka hakimu aangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, kama kuna jambo lililompunguzia mzazi uwezo wa kupata riziki, watoto wengine anaowalea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Huo ndio uadilifu. Mtoto wa mwenye chombo apate kwa kadiri ya chombo.

Na amri ya matunzo inabadilika. Mzazi akiumia mkono, au karo ikipanda, anarudi mahakamani kuomba irekebishwe. Wengi hawarudi. Baba anashindwa mwezi mmoja, wa pili anaona haya, wa tatu amekwenda dago, kambi ya wavuvi, kisiwani Mafia na simu haipatikani. Deni linakua na mtoto anapoteza hela na baba kwa mpigo. Angerudi mapema kusema ukweli, pengine angepunguziwa na kubaki karibu.

Udhaifu wetu hasa ni kwenye kukusanya. Mwalimu anaweza kukatwa mshaharani, mvuvi je? Lakini hata mvuvi ana hesabu. Kila boti ina mtu anayejua nani alipata nini safari ipi, la sivyo mabaharia wangeshikana mashati kila alfajiri. Hakimu amwite huyo aje kutoa ushahidi, badala ya kumbebesha mama mzigo wa kuthibitisha. Kisha amri iandikwe kwa lugha ya bahari: katika kila mgao, kabla baba hajaweka chake mfukoni, litengwe fungu la mtoto kama linavyotengwa fungu la chombo, na mama alifuate palepale sokoni.