Mohamed Amin na deni la Korem

Mjadala wa jinsi Afrika inavyoonyeshwa kwenye televisheni za nje ukianza tu, jina la Mohamed Amin, mpigapicha wa habari wa Kenya, halikawii kutajwa. Wapo wanaomwona mwokozi. Wapo wanaosema ndiye aliyetubandika sura ya njaa ambayo hadi leo haijabanduka.

Pande zote mbili zinategemea ushahidi uleule: dakika chache za picha za njaa zilizopigwa Korem na Mekele, kaskazini mwa Ethiopia, Oktoba 1984. Ni alfajiri, ukungu bado umetanda, kamera inapita taratibu juu ya umati uliojifunika mablanketi. Pembeni maiti zimelazwa kwa safu, zimeviringishwa vitambaa. Maneno yalikuwa ya Michael Buerk wa BBC, picha zilikuwa za Amin. Zilirushwa Uingereza tarehe 23 Oktoba, kisha vituo zaidi ya 400 duniani vikazichukua. Desemba ukatoka wimbo wa kuchangisha, Julai 1985 likafuata tamasha la Live Aid, na chakula kikamiminika. Kabla ya hapo mashirika ya misaada yalikuwa yametoa tahadhari weee, wakubwa kimya. Kwangu hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, maana mtu anayekufa leo hawezi kungojea ipatikane picha yenye staha zaidi.

Hata hivyo wakosoaji hawabahatishi. Ukame ulikuwepo, lakini vita navyo vilikuwepo: serikali ya kijeshi ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa ikipambana na wapiganaji wa Tigray na Eritrea, biashara ya nafaka ikibanwa, masoko yakipigwa mabomu. Mtazamaji wa Ulaya aliona mvua iliyogoma. Mwenye bunduki hakumwona. Na kibali cha kwenda kaskazini kilitoka kwa serikali hiyohiyo. Amin alijua milango ya kubisha hodi, ila milango ya namna hiyo haifunguki bure. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) wa Ufaransa walipopinga hadharani kuhamishwa wakulima kwa nguvu, walifukuzwa nchini kabla 1985 haijaisha. Wimbo nao ukaimba kana kwamba Afrika haina mito, wakati Nile ya Buluu inaanzia hukohuko Ethiopia!

Ila ninapoambiwa kwamba Amin aliuza huzuni ya Waafrika, nauliza: Amin yupi? Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na hapo Dar ndipo alipoanzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963. Zanzibar walimweka ndani mwaka 1966, akasota gerezani kabla ya kutimuliwa. Waziri wa Kenya Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi mwaka 1969, kamera yake ilifika mapema. Alipiga picha za Hija ya Makka, akatoa vitabu vya picha za Kenya ambavyo havina njaa ndani yake. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, mwenzake John Mathai akafa, yeye akapoteza mkono wa kushoto. Akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki Novemba 1996, ndege iliyotekwa ya Ethiopian Airlines ilipoanguka baharini karibu na Ngazija.

Kazi ya miaka thelathini na ushee, na wahariri wa nje bado wanachagua zile dakika za Korem. Hapo mimi namwachia Amin, nawashika wahariri.