Kutembea hadi Mombasa kwa miguu, ni kiki ama ni kazi?

Kijana wa mtaa wetu hapa Umoja amefika Mombasa wiki jana kwa miguu, karibu kilomita 480 kutoka Nairobi, siku 19, kisa mtoto wa dadake ana Duchenne, ule ugonjwa wa misuli kuisha pole pole. Kwa grupu ya mtaa watu wamegawanyika. Wengine wanapiga makofi, wengine wanasema ni kiki tu, ati pesa ya tisheti na maji na probox ya kumfuata nyuma si ingelipia mtoto fizio miezi kadhaa.

Hao wa kiki wana pointi, tusidanganyane. Dawa ya jeni ilioruhusiwa Marekani 2023 ilitoka na bei ya dola milioni 3.2, sasa hata utembee mpaka Cairo hiyo haiwezi changwa na paybill. Na Mombasa Road si ya mchezo, malori usiku kucha, alafu ukitoka Mtito Andei kwenda Voi uko ndani ya Tsavo kwa ndovu na simba. Pia nusu ya picha alizoposti zilikuwa malengelenge ya miguu yake. Hapo hata mimi niliguna.

Lakini kabla ya pesa kuna kujua, na hapo ndio watu wanapotelea. Duchenne inapata mvulana mmoja kwa kila 3,500 hadi 5,000 hivi, kwa hivyo daktari anaweza kaa kazini miaka na miaka asikutane nayo. Huyu mtoto akiinuka kutoka chini alikuwa anashika magoti anajisukuma, anapanda mapaja yake kwa mikono kama mtu anapanda ngazi. Vigimbi navyo vimejaa mpaka wajomba wanasema huyu ni wa Harambee Stars, kumbe hiyo kujaa ndio dalili yenyewe, misuli inakufa mafuta yanaingia. Shule walisema ni mvivu. Hospitali moja wakampa kalsiamu wakasema atakomaa.

Na Marekani kwenyewe, na madaktari wao wote, utafiti ulionyesha dalili zinaonekana mtoto akiwa miaka 2 na nusu hivi, jina la ugonjwa linapatikana akikaribia 5. Hiyo miaka 2 na nusu ya katikati ndio inanikosesha raha. Juu wengi wanaingia kiti cha magurudumu wakikaribia 12, na steroidi kama prednisolone, dawa iko hata famasi ya hapa mtaa wa Tena, daktari akiisimamia vizuri inaweza ongezea mtoto muda wa kutembea. Tena mama anaweza zaa mwingine hapo katikati, na kama ni yeye amebeba hiyo jeni, kila mvulana ni nusu kwa nusu. Dadake kijana alijua akiwa na mimba ya pili, miezi 7.

Na mahali pa kuanzia ni kipimo cha damu tu, CK (creatine kinase), kitu kinachovuja kuingia kwa damu misuli ikiharibika. Ikitoka mara 10, mara 50 juu ya kawaida, ndio sasa unatafuta kipimo cha jeni.

Pale Emali kuna mama wa machungwa alimsimamisha akamuuliza hiyo maneno ya tisheti ni kanisa gani. Jamaa akachuchumaa hapo kando ya lami akamwonyesha vile mtoto anainuka. Mama alinyamaza, akasema wangu anainuka hivyo hivyo, akachana kipande cha katoni akaandikiwa CK.

Wa kiki watasema kilomita 480 kwa katoni moja. Sawa, lakini niambieni huyo mama mngemfikia na M-Pesa gani.

Kitu namlaumu mimi ni hizo tisheti. Mbele jina refu la Kiingereza, nyuma paybill, magoti hayajaandikwa mahali popote. Nimemwambia akirudia aweke picha ya mtoto akijisukuma na herufi mbili tu, CK. Anasema fundi wa River Road anataka 650 kila moja, na amebaki na nne za zamani.