Mgomo wa Madobi wa Atlanta Ulianzia Uani

Ukisoma juu ya miji ya Marekani ya karne ya 19, utakutana na reli, viwanda na matajiri wake. Mimi nashikilia kwamba Atlanta ya mwaka 1881 haieleweki mpaka uingie uani, walikokuwa wanawake weusi wakifua nguo za mji mzima.

Ilikuwa miaka 16 tu tangu utumwa ukomeshwe. Karibu kila mwanamke mweusi aliyefanya kazi ya malipo mjini humo alikuwa mpishi, yaya au dobi, na wenye watoto wengi walichagua udobi. Mpishi na yaya walishinda chini ya macho ya bibi mwenye nyumba. Dobi alichukua mzigo wa nguo Jumatatu, akaufulia kwake, akaurudisha Jumamosi. Siku za katikati hakuwa na wa kumsimamia.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Maji yalichotwa visimani na kwenye bomba za mtaani, yakabebwa hadi nyumbani. Sabuni walipika wenyewe, wanga wa kunyooshea kola waliutoa kwenye pumba za ngano, na pipa la bia lililokatwa nusu ndilo lililokuwa karai la kufulia. Nguo zichemshwe, zisuguliwe, zisuuzwe, zianikwe, kisha pasi za chuma zipashwe moto, hata Julai, jua la Georgia, jimbo lenye mji huo, likiwaka. Kwa yote hayo dobi alipata dola 4 hadi 8 kwa mwezi.

Lakini uani hakufua peke yake. Majirani walifanya kazi pamoja, watoto wakicheza pembeni na wakubwa wao wakisaidia kubeba maji. Naamini hapo ndipo mgomo ulipopikwa: penye watu wanaojuana, wanaoambizana nani analipa na nani anakwepa.

Julai 1881, wanawake wapatao 20 walikutana kanisani, wakaunda chama cha wafua nguo na kupanga bei moja: dola 1 kwa kila ratili 12 za nguo. Walipita nyumba kwa nyumba, wakakutana makanisani usiku baada ya usiku. Hata wale madobi weupe wachache waliokuwepo mjini walijiunga. Ndani ya wiki tatu, waliogoma na waliowaunga mkono walifika kama 3,000. Mji mzima ulikuwa na watu wapatao 37,000, kwa hiyo fikiria mirundo ya nguo chafu ilivyokuwa ikipanda majumbani.

Serikali ya mji ilijibu kwa ukali. Polisi waliwakamata viongozi kwa kosa la kuvuruga amani. Mmoja wao, Sarah A. Collier, alitozwa faini ya dola 20. Alipokataa kulipa, akahukumiwa siku 40 za kazi ngumu katika genge la wafungwa wa minyororo. Wenye nyumba walizopanga madobi nao walitishia kupandisha kodi ya pango. Halafu likaja pendekezo mbele ya halmashauri: kila mwanachama wa chama cha madobi alipe leseni ya dola 25 kwa mwaka. Kwa dobi, hiyo ni miezi mitatu ya jasho na zaidi.

Jibu lao kwa meya Jim English ndilo linalonifanya niwaheshimu kuliko wanasiasa wengi wa zama zao. Waliandika kwamba wako tayari kulipa leseni hiyo kuliko kushindwa, kwa sababu wakishailipa, ufuaji wote wa mji utakuwa mikononi mwao kwa bei yao wenyewe. Walichokuja kutishwa nacho wakakidai kiwe haki yao. Wanawake hawa ama walizaliwa utumwani ama walilelewa na waliotoka utumwani, na sasa walikuwa wakijadiliana bei na meya kwa maandishi. Halmashauri ikaikataa ile leseni.

Mambo hayakuishia hapo. Oktoba mwaka huohuo Atlanta ilikuwa ikifungua maonyesho makubwa ya pamba, na wageni wangejaa mjini. Mwezi mmoja kabla, zikaenea habari kwamba safari hii watagoma watumishi wote wa nyumbani. Mgomo huo haukutokea, lakini gazeti la Atlanta Constitution liliwaonya mama wenye nyumba wajiandae mapema.