Mguu wa Kulia

Sebuleni kwa shangazi, Dodoma mjini, ipo picha ya mwaka 1986 iliyoniletea sifa nisizostahili. Nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na mende. Ni msafara wa harusi ya baba mdogo kule Mvumi, tunakwenda kumchukua bibi harusi. Ng'ombe wa mahari walishatangulia siku nyingi. Nyuma wamesimama akina mama, ngoma za muheme wamezibana mapajani, mzee mmoja ana zeze. Mbele kabisa ni mimi: mguu wa kulia juu, shingo nyuma, mdomo wazi.

Kila mgeni akiiona husema, "Huyu mtoto alizaliwa na ngoma!"

Jamani, ni mbigili.

Asubuhi ile nilivalishwa viatu vya binamu, vinabana kama mdai. Tulipovuka korongo nikavivua, nikavifukia mchangani nivifuate jioni. (Sijaviona hadi leo.) Mikononi nimekumbatia kibuyu cha pombe ya mtama, kikubwa kuliko kifua changu, na baba mkubwa alishaniapia: likimwagika tone, mbuzi wangu hana chake.

Hatua chache kabla ya uwanja wa wakwe, nikaikanyaga. Siyo moja, ukoo mzima wa mbigili. Kuinama siwezi, kibuyu. Kulia siwezi, wakwe. Nikabaki kuruka na mguu mmoja, natoa sauti nisiyoijua mwenyewe.

Akina mama wakadhani nimepandisha mori. Muheme ukakolea. Ngoma ikikolea watu wanasogea, wakisogea nakosa hata pa kuegemea. Mpiga picha, aliyekuja toka mjini na filamu moja ya picha 36 na kuzibania kama sukari ya enzi zile, akapiga goti vumbini: "Hapo hapo kijana, usishushe mguu!"

Ningeushushaje?

Desemba iliyopita tulimwoza binti wa baba mdogo huyo huyo. Vijana wakaingia ukumbini wanaruka na mguu mmoja, mikono imekumbatia hewa, nyuso wamezikunja kama waliolamba ukwaju. MC akatangaza kwamba huo ndio mchezo wa jadi wa ukoo wetu, na mwasisi wake yumo humu ndani.

Nikasukumwa mbele. Goti linaniuma siku hizi, lakini angalau viatu vilikuwa vyangu. Nikainua mguu.

Shangazi akapaza sauti toka meza ya wazee: "Siyo huo! Wa kulia!"